Shangazi wa Idara ya Maji Anaaga: Kumbukumbu za Mji Uliokunywa Chumvi

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kufunga ofisi, Mhandisi Mkuu wa Maji wa Halmashauri yetu ya Mji atakabidhi funguo na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Katika barua za serikali ana jina refu lenye vyeo mbele yake. Katika korido zetu, kuanzia ofisi ya meya hadi kibanda cha walinzi, anaitwa Shangazi, na humu jaridani tutamwita hivyo hivyo, maana tukimwita vingine nusu ya wasomaji watauliza ni nani huyo.

Jina hilo alilipata mapema. Alikuja kwetu akiwa fundi wa maabara, msichana mwembamba mwenye sauti iliyomzidi umbo. Wasoma mita waliporudi mchana na taarifa nusunusu, yeye ndiye aliyewapokea, ingawa haikuwa kazi yake. Aliwasema mpaka masikio yakawaka moto, kisha akawauliza kama wamekula. Mmoja wao akatoka pale akifuta jasho na kuwaambia wenzake, "Huyu si mfanyakazi mwenzetu, huyu ni shangazi yangu kabisa. Anakutukana huku anakumiminia chai." Jina likaganda, na kufikia mwisho wa mwaka hata mkurugenzi alikuwa akilitumia.

Waliojiunga nasi miaka ya karibuni hawakuiona maabara ile ya zamani, na ni hasara yao. Ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo ya mabomba na choo cha wanaume, na mlango wake haukufunguka mpaka uunyanyue kidogo kwa bega. Ndani kulikuwa na meza ya saruji, sinki lililokuwa na doa jeupe ambalo hakuna sabuni iliyowahi kulitoa, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Kwenye rafu zilipangwa chupa za maji ya kila kata, zenye karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko wake wa duara. Kulinukia klorini na chai. Sisi wengine tulitafuta visingizio vya kwenda kule, kwa sababu ndicho chumba pekee katika jengo zima ambacho ukiingia na matatizo yako ulitoka umechekwa, na matatizo yenyewe yamepungua.

Mgeni akiingia, Shangazi alimpa glasi aonje. Hakumwambia maji yametoka wapi. Alimtazama usoni tu.

Kwa manufaa ya vijana tueleze mji wetu ulivyokuwa. Visima virefu tunavyovitegemea vilichimbwa zamani, na waliovichimba walikunywa maji matamu. Mji ukakua, pampu zikavuta zaidi na zaidi, na chumvi iliyokuwa imelala chini ikaanza kupanda. Haikuja kwa kishindo. Kwanza watu waliona sabuni imekuwa kaidi, unaisugua na haitoi povu. Kisha mabirika yakaanza kuota ganda jeupe ndani, magari yaliyooshwa yakakauka na madoa, mabomba yakatoboka kabla ya umri wake. Mwishowe ikafika kwenye chai. Sukari na chumvi ziligombana ndani ya kikombe kimoja, na wageni kutoka miji mingine walidhani tumekosea kopo. Waliokuwa na uwezo walinunua maji ya malori. Wasio na uwezo walikunywa na kunyamaza.

Nyumbani kwa Shangazi jambo hili halikuwa la vitabuni. Mume wake alikuwa dobi, mwenye duka lake mwenyewe kwenye barabara ya soko, na alijulikana kwa mashati meupe yaliyokuwa yakisimama yenyewe kwa jinsi yalivyonyooka. Kadiri chumvi ilivyozidi, mashati yale yaligeuka rangi ya meno ya mvutaji. Wateja hawakusema kitu. Waliacha tu kurudi, mmoja mmoja.

Shangazi akarudi masomoni. Mchana kazini, jioni darasani, mpaka akapata uhandisi wake, na alirudi kwetu na wazo moja ambalo hakuliacha tena. Alilieleza kwa namna ambayo hata sisi wa idara ya usafirishaji tulielewa: maji yetu ya chini yana chumvi, lakini si chumvi ya bahari. Ni kidogo. Ukiyasukuma kwa pampu kupita kwenye vichujio vyenye matundu madogo kuliko jicho linavyoweza kuona, chumvi inabaki upande mmoja, maji matamu yanatoka upande wa pili, na umeme unaotumika ni mdogo kuliko ule wa kusafisha maji ya bahari. Tuna maji tayari chini ya miguu yetu, alikuwa akisema. Tunayakanyaga tu.

Kilichokosekana ni fungu la bajeti.

Hapa inabidi tumtaje Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha wa wakati huo, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mji mzima ulimwita Breki. Alikuwa mtu mwaminifu, na hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa lolote isipokuwa kusema hapana. Kila msimu wa bajeti Shangazi alipanda ngazi kwenda ukumbini na michoro yake kwapani, na kila msimu Breki alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, na kuuliza swali lile lile: "Mtambo wako ukichoka, nani ataulipia? Maana kununua kila mtu anajua." Kisha fungu lilikwenda kwenye paa la soko, au barabara ya zahanati, au daraja lililozolewa na mvua, mambo ambayo nayo yalikuwa ya kweli na ya haraka. Shangazi alishuka ngazi akiwa amenuna, akafungua mlango wa maabara kwa bega, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwomba chai.

Ulikuja mwaka ambao mvua hazikunyesha kabisa. Visima viwili vilikauka, vilivyobaki vikawa vikali zaidi, na foleni za malori ya maji zikazunguka kona mpaka mbele ya ofisi ya meya mwenyewe. Madiwani wakaona kwa macho yao. Breki akasema kamati iko tayari kupitisha mtambo, ila kwa sharti kwamba gharama zipunguzwe. Wakakaa na mchoro wakatafuta cha kukata. Kilichokatwa ni mabwawa.

Tueleze kidogo, kwa sababu kisa chote kiko hapo. Chumvi ikitolewa kwenye maji haipotei. Inabaki kwenye maji machache makali ambayo lazima yapelekwe mahali. Mchoro wa kwanza wa Shangazi ulikuwa na mabwawa mapana yaliyotandikwa plastiki nzito, ambamo maji hayo yangekaushwa na jua. Mchoro uliopitishwa ulikuwa na mtaro tu, unaoyamwaga kwenye korongo kavu nyuma ya mtambo. Mabwawa yangejengwa "awamu ya pili". Shangazi alitia sahihi.

Siku bajeti ilipopita tulinunua soda, na Shangazi alicheza korido nzima mpaka kiatu kimoja kikaruka kikaingia ofisi ya mkaguzi wa ndani. Mkaguzi alikirudisha akiwa amekishika kwa vidole viwili, kama ushahidi. Tulicheka siku hiyo kama watu waliopona ugonjwa.

Kabla ujenzi haujaanza, halmashauri ilimtuma akajifunze kwenye mji mwingine uliokuwa na mtambo kama ule tuliotaka. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa idara, ndiye aliyemwendesha. Njiani Shangazi aliimba. Wanaomjua wanajua kwamba kuimba si kipaji chake.

Mtambo wa wenzetu ulikuwa mzuri. Ulinguruma kwa utulivu, mabomba yake yaling'aa, maji yake yalikuwa matamu kweli. Shangazi aliandika, akauliza, akashika kila kitu kilichoshikika. Kisha akaomba kuonyeshwa maji makali yanakokwenda. Mwenyeji wetu akasema huko nyuma hakuna cha kuona. Shangazi akasema yeye anapenda kuona vitu visivyo vya kuona.

Tukatembea kufuata mtaro. Ulipoishia, ardhi ilikuwa nyeupe. Ganda lilivunjika chini ya viatu kama maganda ya mayai. Miti ilikuwa imesimama bila jani, imekauka kuanzia juu, na katikati yake palikuwa na matuta, yamepangwa vizuri, ambayo hakuna kilichoota juu yake. Mlinzi wa pale alikuwa mama wa makamo mwenye koti kubwa la sare. Shangazi akamuuliza matuta yale yalikuwa ya nini.

"Bustani," akasema yule mama. "Nyanya, bamia, kila kitu. Lile la pembeni lilikuwa langu. Ndiyo maana walinipa kazi hii ya ulinzi, ili nisipige kelele."

"Walisema watafanya nini kuhusu huu mtaro?"

"Walisema ni wa muda."

Kurudi hakukuwa na nyimbo. Njia nzima Shangazi alitazama nje ya dirisha. Tulipofika hakushuka ofisini, alisema, "Endelea, tupitie kwenye korongo letu." Tulilifuata korongo kavu kwa gari mpaka liliposhindikana, kisha kwa miguu, na likatufikisha kule alikojua litatufikisha: kwenye bustani za kata ya bondeni, kwenye visima vifupi vya wakulima wa mboga, mahali pekee katika mji huu ambapo bado kulikuwa na maji ya kunywa bila kukunja uso, kwa sababu visima vile vinalishwa na maji ya mvua za miaka mingi yaliyohifadhiwa na mchanga wa bondeni, na si na maji ya chini kabisa. Watu walikuwa wakimwagilia. Wakamsalimia kwa furaha, maana walisikia bajeti imepita.

"Hongera Shangazi! Tunasikia mwaka ujao mji mzima utakunywa kama sisi!"

Aliwashukuru. Mwandishi alikuwa amesimama karibu naye, na anakumbuka kwamba hakuweza kuwaangalia.

Yaliyofuata nyumbani kwake alitusimulia mwenyewe miaka kadhaa baadaye, akicheka, ingawa wakati wenyewe hapakuwa na kicheko. Jioni ile mume wake alikuwa anapiga pasi. Akamweleza kila kitu, kwamba anataka kwenda kuomba mradi usimamishwe mpaka mabwawa yarudi. Dobi alijua maana yake. Duka lake lilikuwa limebaki na wateja wa kuhesabika, na alikuwa ameshawaambia wavumilie kidogo, maji yanakuja.

"Kwa hiyo tutangoja tena," akasema.

"Tutangoja tena."

Akamaliza shati lililokuwa mezani, akalitundika. "Basi lete hilo gauni lako la kazi nilinyooshe. Huwezi kwenda kusema jambo zito umekunjamana."

Kikao kile wakongwe wote wanakikumbuka. Ukumbi ulijaa, kwa sababu habari zilikuwa zimeshavuja kwamba Mhandisi wa Maji ana jambo. Shangazi alisimama bila michoro, bila karatasi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mradi wangu usimamishwe."

Kila mtu akasema pamoja. Diwani mmoja wa kata za juu, ambako maji yalikuwa mabaya kuliko kote, alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Shangazi! Miaka yote hii umetulilia. Leo tumekupa, unatapika?"

"Nilikubali mabwawa yakatwe kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa hapana," akasema Shangazi. "Nikajiambia, tutayajenga baadaye. Sasa nimekwenda kwa wenzetu nimeiona hiyo baadaye. Tukiendelea hivi, kata za juu zitakunywa maji matamu na kata ya bondeni itakunywa chumvi ya wote. Sahihi iliyo kwenye mchoro ni yangu. Siwezi kusema nilidanganywa."

Meya akamuuliza kwa upole, "Unajua fungu hili lisipotumika mwaka huu linarudi hazina?"

"Najua."

"Na huenda tusilipate tena?"

"Najua hilo pia, Mheshimiwa. Silali kwa ajili ya hilo."

Macho yote yakamgeukia Breki. Alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta. "Mimi nimewekwa kwenye kiti hiki kuwazuia watu," akasema, "na nimezoea kuchukiwa kwa kazi hiyo. Sijawahi kuona mtu anapanda ngazi hizi kuja kuniomba nimzuie yeye mwenyewe." Kisha akaongeza, "Na mimi ndiye niliyetaka gharama zipunguzwe. Hilo nalo liandikwe."

Mradi ukasimamishwa kwa tofauti ya kura chache. Fungu likarudi hazina.

Tungependa kuandika kwamba watu walielewa. Hawakuelewa, na tusiwalaumu. Kwenye foleni za malori kulikuwa na wanawake waliogeuza uso Shangazi alipopita. Jirani yake mmoja alimsimamisha njiani na ndoo yake tupu, akamwambia, "Mwanangu anaenda shule na shati la jana kwa ajili ya mboga za watu wengine?" Shangazi angeweza kumpa hotuba. Alisema tu, "Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo. Nisamehe." Akaendelea na safari yake. Siku hiyo maabarani ilisikika feni peke yake.

Mwaka uliofuata dobi alifunga duka. Mahali pale alipanga fundi viatu. Yeye akaajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chini ya kijana aliyekuwa amemfundisha kushika pasi, na aliifanya kazi ile kwa heshima mpaka alipostaafu. Shangazi hakuwahi kulalamika mbele yetu. Ila tulioshika funguo za magari tunajua kwamba kwa muda mrefu alituomba tusipite barabara ya soko.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wiki chache baada ya kikao, mlango wa maabara uligongwa, ukanyanyuliwa vibaya, ukagoma, ukagongwa tena. Alikuwa Breki. Aliketi kwenye kigoda cha wageni, akapokea glasi, akaonja, akakunja uso, akasema, "Haya, mwalimu. Nifundishe."

Akafundishwa. Alikuja wiki baada ya wiki, mwalimu mkuu mzima, akiinua mkono kabla ya kuuliza swali. Alitaka kujua kichujio kinakaa muda gani, kikichoka kinafananaje, plastiki ya bwawa inadumu mpaka lini. Wakagombana sana. Sauti zao zilifika mpaka masjala. Kutokana na ugomvi huo ukatoka mpango wenye pande zote mbili: mtambo pamoja na mabwawa yake tangu siku ya kwanza, na kila mwaka sehemu ya makusanyo ya maji itengwe kwa ajili ya vichujio vipya, isiguswe kwa paa la soko wala kwa daraja. Lile swali lake la zamani likawa kifungu cha bajeti.

Baada ya hapo Breki, aliyekuwa amezuia kila kitu, akageuka kuwa msukumaji. Alipanda mabasi kwenda wizarani, akakaa kwenye mabenchi ya nje, akarudi, akaenda tena. Alipoambiwa waziri yuko mkutanoni alisema atasubiri, maana yeye amestaafu na ana muda kuliko waziri. Alikwenda kata za juu mwenyewe kuwaeleza wananchi kwa nini wasubiri, na akatukanwa, na akarudi kesho yake. Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha serikali ikatoa ruzuku ya nusu, halmashauri ikatoa nusu iliyobaki, na ujenzi ukaanza kwenye machimbo ya zamani ya matofali, mahali palipokuwa na mashimo tayari kwa mabwawa na ambapo hapakuwa na kisima cha mtu yeyote karibu.

Siku maji yalipofunguliwa hatukuwa na sherehe kubwa. Koki moja tu ilifungwa utepe mbele ya shule ya kata moja ya juu. Aliyepewa heshima ya glasi ya kwanza alikuwa mama mkwe wa Shangazi, bibi aliyekuwa na umri mkubwa kuliko visima vyenyewe. Akanywa. Mji mzima ukamtazama. Akanywa tena, akaishusha glasi, akasema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa:

"Mwanangu, maji gani haya? Hayana kitu ndani."

Wiki ile simu za ofisi hazikunyamaza. Watu waliokuwa wamelalamikia chumvi kwa miaka sasa walilalamika kwamba maji ni mepesi, hayashiki kooni, chai imekuwa kama ya hospitali. Mzee mmoja alikiri kwamba anatia chumvi kidogo kwenye mtungi. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yale, tuliokuwepo tunaamini, hayakuwa ya kicheko peke yake. Kisha akafanya alichokuwa amekipanga tangu mwanzo, kwa sababu maji matupu kabisa hayafai hata kwa mabomba: akachanganya na maji kidogo ya kisima, akionja na kupima, kupima na kuonja, mpaka akaridhika. Glasi nyingine ikapelekwa kwa bibi.

"Haya," akasema bibi. "Sasa yana mwili."

Kipimo kile ndicho tunachokitumia mpaka leo. Kwenye vitabu vya mtambo kina namba. Mafundi wanakiita "cha Bibi".

Breki alikuwepo siku ile, amekaa nyuma na fimbo yake, na alikunywa glasi tatu. Alitutoka miaka minne baadaye. Mabwawa hayana jina rasmi, lakini ukimwambia fundi yeyote nenda kwa Breki, atachukua buti zake na kuelekea kwenye mabwawa.

Mengine ya Shangazi yangejaza jarida zima. Alifundisha mafundi wa zamu, wengi wao wanawake, na aliwakataza kuandika neno "kawaida" kwenye taarifa. Alitaka waandike walichokiona. Alipigania choo cha wanawake kwenye mtambo kwa ukali ule ule aliopigania vichujio. Mara mbili madiwani wapya walijaribu kuchukua fungu la vichujio kwa shughuli nyingine, na mara zote mbili alipanda ngazi. Kila mwezi alishuka bondeni na chupa zake kupima visima vya wakulima, bila kukosa, mpaka wengine waliohamia huko karibuni wakadhani ni mteja wa nyanya na kumtajia bei. Visima vile bado ni vitamu. Bustani bado zipo.

Anayeshika nafasi yake ni mmoja wa mafundi aliowalea, ambaye sasa ni mhandisi. Wiki iliyopita waliuzunguka mtambo pamoja kwa makabidhiano, na yule mrithi wake anasema Shangazi hakumpa hata neno moja la busara. Alimwonyesha nati iliyolegea na kumuuliza inasubiri nini.

Kuhusu kustaafu, Shangazi anasema atalala mpaka jua limchome. Hatumwamini. Tunajua kwamba dobi amenunua mashine mbili za kufulia, kwamba chumba cha mbele cha nyumba yao kimepakwa rangi, na kwamba wamekubaliana yeye Shangazi atakuwa anapokea nguo na kutoa risiti, lakini pasi hataruhusiwa kuigusa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake atakuwa na bosi ambaye yeye Shangazi anamwogopa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa halmashauri, tunakushukuru, Shangazi. Tunamshukuru mume wako kwa yale aliyoyabeba kimya wakati mji ulikuwa unakununia, na watoto wako kwa jioni ulizotupa sisi. Tunakushukuru kwa chai, kwa matusi, kwa glasi zote ulizotuonjesha. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na miaka mingi ya furaha.

Na jambo la mwisho. Kuanzia tarehe mosi wewe ni mteja wetu kama wateja wengine. Siku utakayofungua koki nyumbani isitoe maji, usivae viatu kuja kuitengeneza. Kaa kitini, tupigie simu, utuseme mpaka masikio yatuwake. Safari hii kukimbia ni kazi yetu.